Msaada wa Serikali na Mkulima Asiye na Hati

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Nungwi)



Tumetakiwa kusema machache juu ya msaada wa Serikali kwa wakulima. Kwa kuwa mkutano huu umefanywa Nungwi, hatukuona vema kuanza na mikarafuu, maana si miti ya huku. Nchi ya hapa ni maweni. Mkulima hufyeka kichaka, akachoma, kisha hutafuta vishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe, akatia mbegu kwa muo: mtama, kunde, muhogo, mbaazi. Hupanga mawe yakawa ukuta wa kuzuia nguruwe mwitu. Baada ya miaka michache udongo huchoka, naye huuacha upumzike, akaenda kufyeka pengine. Konde hilo kwa desturi halikuwa na hati wala mpaka uliopimwa. Mwenyewe ni mji, na haki ya mtu ni ile kazi aliyoifanya. Aliyezoea mashamba ya udongo wa kinongo akiyaona haya hudhani hapana kilimo. Serikali nayo, kwa muda mrefu, ilidhani vivyo hivyo.

Na tutazame khabari za nyuma. Katika mwaka 1927 kilianzishwa chama cha wenye mikarafuu, kilichojulikana kwa herufi zake tatu, C.G.A. Kilikopesha fedha za kuvunia na kushughulikia uuzaji wa karafuu, na miongoni mwa makusudio yake ya mwanzo lilikuwamo la kuzuia ujira wa wachumaji usipande. Hapo ndipo Nungwi inapoingia katika khabari hii. Msimu wa karafuu ulipofika, watu wa kaskazini na wa Tumbatu, wake kwa waume, walitoka makwao kwenda kuchuma kwa pishi katika mashamba ya wengine. Na waliokwenda Pemba walipanda vyombo. Watu hao walikuwa na makonde yao nyumbani. Basi chombo kilichoundwa kumsaidia mkulima mmoja kilikusudiwa pia kumbana mkulima wa pili, wala haikuonekana kuwa ni kosa, kwa kuwa katika hesabu yule wa pili hakuitwa mkulima. Aliitwa mchumaji.

Ikaja miaka ya dhiki, bei ya karafuu ikaanguka, na wenye mashamba wakazama katika madeni. Mwaka 1932 Bwana C. F. Strickland, aliyekuwa mtumishi wa Serikali huko Punjab, aliandika taarifa juu ya vyama vya ushirika na hali ya wakulima wa Zanzibar. Mwaka 1934 zikatoka sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wengine ovyo, na madeni yakasimamishwa. Mwaka 1937 C.G.A. ikapewa uwezo mkubwa zaidi juu ya ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Bara Hindi nako karafuu zetu zikasusiwa, hata yalipopatikana mapatano mwaka 1938.

Hatusemi kwamba sheria zile hazikuwa na maana. Mtu ambaye shamba lake liko katika rehani alikuwa katika taabu ya kweli. Lakini utazameni mlango wa kuingilia katika msaada ule: ulikuwa ni hiyo rehani. Mtu wa maweni hakuwa na hati ya kuiweka dhamana. Kwa hiyo hakuna aliyemkopesha kwa ardhi yake, na kwa hiyo hakuna aliyekuja kumwokoa. Tumelipima jambo hili mara nyingi, nasi hatuoni kuwa ulikuwa uovu wa mtu mmoja. Ulikuwa utaratibu wa karatasi, na karatasi hupita mikononi mwetu sisi makarani.

Mara moja konde la mawe lilikumbukwa. Mwaka 1942 Wajapani waliishika Burma, ulikokuwa ukitoka mchele wetu, na hapo watu wakahimizwa kulima chakula chao wenyewe. Muhogo ukawa na heshima kwa muda.

Ya baadaye tutayapita upesi, kwani wengi wenu mnayajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kuanzia mwaka 1965 watu waligaiwa eka tatu tatu, nalo lilikuwa jambo kubwa. Ila eka hizo zilikatwa zaidi katika nchi ya mashamba, si katika maweni. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo kwa miaka mingi lilimlipa mkulima bei ndogo, hata karafuu zikawa zinavushwa usiku kwenda Mombasa. Mwaka 2011 bei ilipandishwa sana, na magendo yakapungua.

Sasa tufike pwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Tangu 2020 ipo Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na boti zimegawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Haya ni mema. Hata hivyo twamjua mama mmoja aliyekwenda katika afisi moja kuomba mkopo. Karani, kijana mwenye adabu, akamwuliza, "Shamba lako liko wapi, mama, na hati yake iko wapi?" Mama akajibu, "Shamba liko baharini, mwanangu. Maji yakipwa utaliona." Kijana akacheka, akaacha mahali pale wazi katika fomu, na fomu yenye mahali wazi, kama mjuavyo, hairudi.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa afisi hupata shida kulifahamu. Siku za bamvua, ambazo ndizo za kazi ya mwani, maji hukupwa kabisa yapata saa nne ya asubuhi. Basi mwandikishaji akifika kijijini saa nne akauliza wakulima wako wapi, ataambiwa hawapo, naye ataandika kwamba hawapo. Wako mbele ya macho yake, maji yakiwa magotini.

Kwa hiyo twaomba Halmashauri ya chama ipeleke maombi mawili. Kwanza, katika fomu za msaada, pale palipoandikwa "hati ya shamba" paongezwe "au ushahidi wa sheha na majirani wawili kwamba mtu huyu ndiye afanyaye kazi." Pili, uandikishaji wa vijiji vya pwani upangwe kwa kufuata maji, na karani akiwa hana budi kwenda saa nne ya bamvua, avue viatu aingie.

Yapo maswali ya ardhi ya hapa Nungwi, ambayo zamani haikuwa na mnunuzi na leo yatafutwa na wenye mahoteli. Hayo tumeambiwa yatasemwa na mwenzetu baada ya chai.