Kuihesabu Nafsi Katika Kumi la Mwisho

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. 

Tumeingia katika kumi la mwisho, na mada tuliyopewa usiku huu ni mwelekeo wa maisha. Wengi wetu tulipokuja hapa Uingereza tulijiwekea miaka mitano: tutafanya kazi, tutajenga kule Unguja au Mombasa, kisha tutarudi, na hapo ndipo tutakapotulia na kumwabudu Mola wetu ipasavyo. Miaka mitano imekuwa ishirini. Nyumba imekwisha, anayeishi humo ni mlinzi. Na ile ibada tuliyoiahirisha ingali inangoja safari. Tusichekane, sote tumo.

Katika Suratul Hashri, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anaiamrisha kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Tuzingatie kwamba hatukuambiwa tutazame tunachokusudia kukitanguliza. Kinachotazamwa ni kile kilichokwisha kutumwa.

Imamu Ghazali, katika *Ihya Ulumid-Din*, ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara humwekea mshirika wake masharti, humchunga, kisha hukaa naye chini wakapiga hesabu. Mtaji ni faradhi, faida ni sunna, na hasara ni maasi. Sisi watu wa pwani tunalielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Hakuna mwenye duka anayefunga mwaka mzima bila ya kufungua daftari, ila aliyekwisha kufilisika naye hataki kujua.

Naye Ghazali hakuyasema haya kwa nadharia. Mwaka 1095, akiwa bado hajatimiza miaka arobaini, alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, akisomesha wanafunzi wapatao 300. Akaikagua nia yake katika kusomesha, akaona haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ilikuwa ni kutafuta cheo na sifa. Kwa karibu miezi sita alisitasita: leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Hatimaye ulimi wake ukafungika, asiweze kutamka neno darasani, na chakula kikawa hakipiti. Akaigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake (hili tulishike, maana wapo wanaodhani kumwelekea Mungu ni kuitupa familia), akashika njia ya Sham.

Baada ya takriban miaka kumi na moja, alirudi kusomesha, huko Nishapur. Kazi ilikuwa ileile. Mwenyewe ameeleza kwamba kilichobadilika ni kile alichokuwa akikitafuta kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo hatumwambii mtu aache kazi yake kesho. Dada yetu anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, akamgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, huenda yumo katika ibada kubwa kuliko mawaidha haya. Lakini je, amewahi kuikusudia? Au kwake ni saa za kuhesabiwa mshahara tu, na maisha yenyewe yako Unguja?

Tunawaomba mfanye haya kwa siku zilizobaki. Baada ya Alfajiri, kabla ya kuishika simu, iwekeeni nafsi sharti moja. Moja tu, nafsi ikiwekewa masharti kumi huvunja yote. Usiku, baada ya Witri, chukueni karatasi, muandike yaliyotumwa leo: mtaji umesalimika? Faida ni ipi? Hasara ni ipi? Kisha chagueni shughuli moja inayokula saa zenu nyingi, mjiulize: lau hakuna mtu angeijua, ningeendelea nayo? Na lau ningejua kwamba sitarudi nyumbani kamwe, ningeanza nini hapa hapa? Swali hili la mwisho ndilo zito. Msilijibu usiku wa kwanza.

Sisi tunaosema nanyi tuliifanya hesabu hiyo juzi. Tukakuta kwamba, tukimaliza darsa, jicho letu hutangulia kuwahesabu waliobaki vitini. Tumeliandika katika upande wa hasara, na usiku huu tumejitahidi kutotazama.

Karatasi na kalamu zipo mlangoni, upande wa kina mama pia. Msiandike majina, wala msimwonyeshe mtu, hata imamu. Vijana walioko itikafu tutakaa nao baada ya daku kwa maswali.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.