Fizi Zinazotoka Damu na Sukari Isiyoshuka

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi ya dayosisi mbele ya kikundi cha watu wenye kisukari na wahudumu wa afya wa kujitolea, Izia, Sumbawanga)



Tunaanza kwa kukiri kosa. Tangu tuanze kukutana hapa tumepima sukari, tumepima presha, tumekagua nyayo, tumebishana hata juu ya ukubwa wa tonge la ugali. Kinywani hatukuangalia hata siku moja. Mpaka mzee mmoja alipotuuliza, "Kila mara mnanitoboa kidole, mbona hamniulizi kwa nini siku hizi sili mahindi ya kuchoma?" Tulicheka. Akafungua kinywa, tukanyamaza. Fizi zilikuwa nyekundu na zimevimba, meno mawili ya mbele yanacheza. Sukari yake ilikuwa juu kwa miezi mingi, na dawa alikuwa anameza sawasawa.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba meno kulegea ni uzee. Sivyo. Mabaki ya chakula na vijidudu hujenga utando kwenye jino. Usipoondolewa hugeuka ugaga mgumu, na fizi huvimba na kutoka damu. Uvimbe ukiendelea, fizi huachana na jino, pakatokea mfuko wa uchafu, na mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana mtu hashtuki.

Sasa kwa mwenye kisukari mambo huenda kwa njia mbili. Sukari ikiwa juu, mwili hupigana na vijidudu kwa udhaifu, na kidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo fizi huharibika upesi. Fizi nazo zikiwa na uvimbe wa muda mrefu, kemikali za uvimbe ule huingia kwenye damu na kuifanya insulini isifanye kazi yake vizuri. Sukari inaharibu fizi, fizi zinapandisha sukari.

Kuna na jambo la sufuriani. Mwenye fizi mbovu huacha maharage, huacha mboga za majani na karanga, kwa kuwa kutafuna ni adhabu. Anahamia kwenye uji mlaini, mkate uliochovywa kwenye chai, na chai yenyewe ina sukari. Halafu sisi tunamlaumu kwamba hafuati masharti ya chakula!

Je, fizi zikitibiwa sukari hushuka? Hapa tuseme ukweli wote. Mwaka 2013 jaribio moja la Marekani lenye watu 514 halikuona tofauti yoyote. Lakini mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulijumlisha majaribio 35 yenye watu 3,249, karibu wote wenye kisukari cha aina ya 2. Waliosafishwa meno mpaka chini ya fizi, kipimo chao cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilishuka kwa takribani pointi 0.4 baada ya miezi mitatu hadi minne. Yaani aliyekuwa na 8.5 anafika 8.1 hivi. Si muujiza, wala haichukui nafasi ya dawa. Mtu asije akarudisha vidonge vyake zahanati eti amesafishwa meno.

Hata hivyo hatuidharau pointi hiyo, maana kisukari si ugonjwa wa watu wachache tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta chini ya mtu 1 katika 100 kwenye vijiji vilivyopimwa nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika 100, kwa wenye miaka 25 hadi 64. Upimaji haukuwa wa namna moja, lakini mwelekeo unaonekana.

Shida yetu ni kwamba huku tunaenda kwa mtaalamu wa meno kung'oa tu. Tunasubiri jino lilegee, tunang'oa, tunarudi nyumbani, na ugaga kwenye meno mengine unabaki palepale. Tunaomba neno lingine lizoeleke: kusafishwa. Ukiona damu wakati wa kupiga mswaki, harufu isiyokwisha, usaha, au jino linacheza, nenda kaombe kuangaliwa fizi. Mwambie mtaalamu kwamba una kisukari. Siku hiyo kula chakula na tumia dawa zako kama kawaida, usiende na njaa ukaanguka kwenye foleni.

Nyumbani ni mswaki laini mara mbili kwa siku, na usiku usiukose. Tumbaku huharibu fizi pia. Tunajua asubuhi za Juni na Julai hapa Ufipa maji ya baridi yakigusa fizi ni kilio, na wengi huacha mswaki kwa sababu hiyo. Pasha maji kidogo. Na damu ikitoka usiache kupiga mswaki. Ukiuacha, utando unaongezeka.

Kuanzia mkutano ujao kadi zetu zitakuwa na mstari mmoja wa fizi, chini ya ule wa nyayo. Wahudumu, mtauliza kila mtu, hata asiyelalamika. Yule mzee wa mahindi ya kuchoma amesafishwa upande wa kulia. Wa kushoto bado. Wastani wake wa miezi 3 hatujaupima upya, na hatutasema lolote mpaka tuuone.