Farasi Ajikwaaye na Mtu Ampandaye



Farasi ajikwaapo njiani, mara nyingi jambo la kwanza atendewalo ni kupigwa fimbo. Mpandaji amegutuka, moyo wamdunda, na hasira yake yote humwangukia mnyama. Lakini yafaa kuulizwa kwanza: je, mtu mwenyewe alikuwa ameketije wakati mguu ulipokosea?

Farasi asimamapo bila mtu mgongoni, miguu yake ya mbele huchukua karibu sehemu 60 katika kila 100 za uzito wake. Tena hana mtulinga kama binadamu. Kifua chake kimeshikwa katikati ya miguu hiyo kwa misuli tu. Basi akipandwa na mtu ainamaye mbele na kutazama chini, miguu iliyokwisha kuelemewa huongezewa mzigo, nayo huchelewa kunyanyuka. Hapo jiwe dogo latosha.

Mtu ajikwaapo hutupa mikono ili asianguke. Farasi hana mikono, ana shingo. Huishusha upesi, kisha huinua kichwa na kujirudishia usawa. Kwa farasi wa kilo 450, kichwa na shingo pamoja ni mzigo wa kilo 40 na zaidi. Wako wapandaji wengi, hata wazoefu, waaminio kwamba hatamu zikivutwa kwa nguvu farasi atainuliwa asianguke. Hilo haliwezekani. Nani awezaye kuliinua jamvi alilolikalia? Avutaye hatamu wakati ule humfunga mnyama kiungo kile kile ambacho kingemwokoa, na kinywa chake huumizwa na lijamu bure.

Namna ya kuketi si jambo jipya. Xenophon, askari wa Athens aliyeandika habari za farasi yapata miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba mpandaji asikae kama mtu aliye kitini, bali kama asimamaye wima huku amepanua miguu. Sikio, bega, nyonga na kisigino viwe katika mstari mmoja. Kipimo chake ni chepesi: kama farasi angetoweka ghafula, je, mtu angeshukia miguu yake, au uso wake?

Vikuku vya kupandia vikiwa virefu mno, mtu huvitafuta kwa ncha za vidole na kuinama mbele. Vikiwa vifupi mno, matako husukumwa nyuma. Saisi apewaye tandiko lililopimwa kwa miguu ya mwingine asione haya kuomba dakika moja ya kulirekebisha. Kisha ajizoeze: mwenzake amwongoze farasi kwa kamba ndefu, naye aende telki akiinuka na kuketi, mkono mmoja umeshika singa, hatamu zimelegea. Siku chache za kazi hiyo humfundisha kutotegemea kinywa cha mnyama.

Na farasi akijikwaa? Mabega yabaki juu, magoti yasibane, visigino vishuke, mikono ifuate kinywa kiendako. Akiisha kusimama sawasawa, aguswe kidogo kwa miguu aendelee mbele. Fimbo haina kazi hapo.

Hata hivyo, si kila kosa ni la mpandaji. Kwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na ncha iliyorefuka huchelewa kuachana na ardhi. Kwa hiyo fundi wa viatu vya farasi huhitajiwa kila majuma 6 hadi 8, iwe ni kwa farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong Road, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, au kwa farasi wa shambani. Tandiko lisogealo mbele hubana mabega. Uchovu nao una sehemu yake, hasa katika mteremko wa mwisho wa kurudi nyumbani. Lakini ajikwaaye mara kwa mara penye ardhi tambarare, au kwa mguu ule ule, asipandwe mpaka daktari wa mifugo amtazame, kwa maana yako maumivu ndani ya ukwato yasiyoonekana kwa nje.

Aliyeanguka magotini atazamwe papo hapo. Goti lile, kwa mpango wa mifupa, ni kama kifundo cha mkono wa binadamu, na ngozi yake ni nyembamba. Jeraha lioshwe kwa maji safi. Ute wa manjano ukionekana kutiririka humo, daktari aitwe siku ile ile, na farasi arudishwe polepole akiongozwa kwa mkono, tandiko likiwa limeondolewa.