Mama alikuja Jumamosi, mkutano ulikuwa Jumapili: linki zetu na kile watu wanachokiona

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya waenezi vijana wa kata. Wengi mliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

Najua mmechoka, tangu asubuhi mmekaa, na chai imeisha. Sitawachosha. Nina jambo moja tu, na naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Kuna mkutano wetu wa hadhara uliopangwa Jumamosi. Niliandika tangazo kwenye tovuti, kichwa cha habari kikasema wazi: mkutano Jumamosi saa nane. Nikaweka linki kwenye ukurasa wetu wa Facebook, nikaimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp. Siku mbili baadaye uwanja ukabadilika, mkutano ukasogea Jumapili. Nikaingia kwenye tovuti usiku uleule, nikafuta Jumamosi, nikaandika Jumapili. Nikashea tena linki ileile, nikalala nikijua kazi imeisha.

Jumamosi saa nane kasoro simu ikaita. Mama mmoja wa kata ya mbali, muuza vitumbua, mwanachama wa siku nyingi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona uwanjani hakuna mtu?" Nikamwambia mama, mkutano ni kesho, tulishabadilisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Simu yangu imeandika Jumamosi. Na aliyeandika ni wewe."

Nikafungua simu. Kweli. Tovuti inasema Jumapili, lakini kile kijisanduku kinachotokea chini ya linki, chenye picha na kichwa cha habari, bado kinasema Jumamosi. Mama hakufungua linki. Kwa nini afungue? Bando lake ni la kuhesabu. Alisoma kilichoonekana, akafunga biashara, akapanda daladala mbili. Jumapili hakuja. Na sikuwa na uso wa kumuuliza kwa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza hii kitu. Nisikilizeni, maana haihitaji uwe fundi wa kompyuta.

Ukibandika linki Facebook, mtu wa kwanza kuifungua si rafiki yako. Ni roboti ya Facebook. Inakwenda kwenye ukurasa wako, inatafuta maelezo machache yaliyofichwa sehemu ya juu ya ukurasa, ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Maelezo hayo yanaitwa tagi za Open Graph. Facebook waliyaleta mwaka 2010, na leo WhatsApp, Telegram na LinkedIn wanayasoma pia. X wana tagi zao tangu 2012, lakini wasipozikuta wanachukua hizihizi.

Tagi za kukumbuka ni nne. og:title ni kichwa cha habari. og:description ni maelezo mafupi. og:image ni picha. og:url ni anwani kamili ya ukurasa. Usipoziandika, roboti inabahatisha yenyewe. Ndiyo maana kuna wakati rambirambi zetu zilitoka na picha ya watu wanacheza ngoma: roboti iliokota picha iliyokuwa pembeni ya ukurasa. Jamani, familia ya marehemu iliona ile. Hakuna maelezo ya kiufundi utakayompa mfiwa akakuelewa.

Sasa kosa langu mimi lilikuwa wapi? Tagi nilikuwa nazo. Tatizo ni kwamba roboti ikishasoma inahifadhi nakala. Haiji kila mara kuangalia kama umebadilisha neno. Ukishea tena linki ileile, Facebook wanakuletea nakala ya zamani. Mimi nilibadilisha ukurasa, sikuwaambia Facebook kwamba nimebadilisha.

Na msidhani utarekebisha kwa mkono wakati wa kuposti. Zamani iliwezekana kuandika kichwa kingine juu ya linki ya mtu yeyote, na waongo waliitumia sana: habari ya gazeti, kichwa cha kwao. Mwaka 2017 Facebook waliufunga mlango huo kwa watu wengi. Kwa hiyo marekebisho yanaanzia kwenye tovuti yenyewe.

Tufanye nini? Andikeni.

Kwanza, kila habari iwe na tagi zake. Kama tovuti ya tawi lenu ni ya WordPress, plagini kama Yoast SEO inazitengeneza. Wewe unajaza kichwa, maelezo na picha. Kichwa kiwe kifupi, na jambo lenyewe lije mwanzoni. "Mkutano Jumapili saa nane" inatosha. Ukianza na "Taarifa kwa umma kutoka ofisi ya katibu mwenezi wa", simu ndogo inakata hapohapo na mtu hajui kimetokea nini.

Pili, picha. Kipimo kinachofaa ni upana pikseli 1200 na urefu 630, yaani picha ya kulala. Sisi tunapenda mabango ya kusimama. Ukiliweka bango la kusimama, linakatwa juu na chini, mgombea anabaki kifua na tai, kichwa hakuna! Msicheke, mmeshafanya. Tengenezeni picha mbili: bango la kusimama kwa ajili ya kuchapisha, na la kulala kwa ajili ya linki. Faili liwe jepesi. Likiwa zito, WhatsApp inaweza kuliacha kabisa. Mimi sivuki kilobaiti 300. Na anwani ya picha iandikwe nzima, kuanzia https, siyo kipande.

Tatu, ukibadilisha chochote baada ya kushea, nenda kwenye chombo cha Facebook kinachoitwa Sharing Debugger. Ni bure, unahitaji akaunti tu. Bandika linki, kitakuonyesha nakala waliyonayo na lini waliisoma. Bonyeza "Scrape Again". Roboti inarudi, inasoma upya. Dakika moja. Mama yule angebaki na nauli yake kwa dakika moja yangu.

Nne, WhatsApp, maana huko ndiko watu wetu waliko. WhatsApp ina tabia yake. Kadi inatengenezwa kwenye simu ya anayetuma. Ukibandika linki na kubonyeza tuma harakaharaka kabla kadi haijatokea, inaenda linki kavu, na linki kavu watu wanaiogopa, wanadhani ni ya matapeli. Subiri sekunde chache uone kadi, ndipo utume.

Na kadi ikishatoka imetoka. Ukirekebisha tovuti, ujumbe uliokwisha kutumwa haubadiliki, na anayefowadi anafowadi kadi ileile ya zamani. Kwa hiyo ufute kwa wote kama muda bado unaruhusu, kisha utume upya. Kama simu yako inang'ang'ania kadi ya zamani, ongeza mwishoni mwa linki alama ya kuuliza na v=2. Ukurasa ni uleule, lakini simu inaiona ni linki mpya. Zaidi ya yote, andika kwa maneno yako juu ya linki: TAREHE IMEBADILIKA, NI JUMAPILI. Mashine isiachiwe kazi ya mwenezi.

Kuna ndugu aliniuliza wakati wa mapumziko: kama kadi inaandikwa na mwenye tovuti, je, mtu hawezi kuandika uongo? Anaweza. Mtu yeyote anaweza kufungua tovuti, akaweka nembo yetu kwenye og:image, akaandika kwenye og:title kwamba mkutano umeahirishwa. Kadi itatoka nzuri kuliko ya kwetu. Kwa hiyo ukipokea taarifa nzito, usiamini picha na kichwa. Angalia jina la tovuti lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kadi, herufi moja moja. Halafu piga simu. Na sisi tukiwa na kadi za hovyo kila siku, bango limekatwa kichwa, tarehe za zamani, basi tunawazoesha wanachama kuona uchafu kama jambo la kawaida. Siku ya uongo ikija hawatatofautisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mdogo, dakika chache tu kabla ya kushea. Ukuta ni kurudisha imani ya mtu aliyefunga biashara yake akaja akakuta uwanja mtupu.

Kazi ya nyumbani. Leo kabla ya kulala, kila mmoja achukue linki ya mwisho aliyoshea kwenye grupu la kata yake, ajitumie mwenyewe, aiangalie kwa macho ya mama yule: bila kufungua, je, najua ni nini, wapi, lini? Kama jibu ni hapana, rekebisha usiku huohuo.

Mimi yule mama nilimfuata nyumbani kwake wiki iliyofuata, nikamwomba radhi. Alinipa vitumbua viwili, hela akakataa. Akasema, "Safari nyingine andika vizuri." Ndilo agizo ninalowapa na ninyi.

Mapambano yanaendelea.