Anayeona na Kunyamaza: Funzo kutoka kwa Wapandaji wa Miamba

(Hii ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, mbele ya wageni wafadhili. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe.)



Katika ratiba mada yangu imeandikwa "Mahusiano kati ya Mfadhili na Mfadhiliwa". Najua wengi mlitegemea nizungumzie risiti na taarifa za robo mwaka. Hizo tutazifikia mchana. Asubuhi hii naomba tuwatazame watu ambao huenda hatujawahi kuwafikiria, yaani wanamichezo wanaofadhiliwa ili wapande miamba. Limewapata jambo ambalo sisi pia linatuhusu.

Kazi yao na ufadhili wao

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Kilimanjaro tunajua habari ya kulipwa kwa kupanda mlima. Kijana huanza kwa kubeba mizigo ya wageni, na akijaliwa huwa mpishi, baadaye mwongozaji. Hulipwa ili mtu mwingine afike kileleni. Hawa ninaowasema ni tofauti. Wao hulipwa ili wapande wenyewe, tena ukuta wa mwamba uliosimama wima, kwa ncha za vidole vya mikono na miguu. Kamba haiwavuti juu. Kazi yake ni kuwadaka wakianguka. Mwisho wa kamba ile huwa umeshikwa na mwenzao aliye chini.

Fedha zao hutoka hasa kwa kampuni zinazotengeneza viatu, kamba, mikanda na nguo za mchezo huo. Mmoja hupewa vifaa tu, mwingine vifaa na nauli, na wachache hupata posho ya kuwatosha kuishi. Kwa malipo hayo mpandaji huwa sura ya kampuni. Huvaa nguo zake, hupigwa picha na kuzungumza na wateja. Mikataba mingi ni ya muda mfupi, hivyo kila inapokwisha anakaa akisubiri kama itaongezwa.

Siku hizi kampuni haziangalii tu mwamba gani umepandwa. Zinaangalia pia watu wangapi wanamfuatilia mpandaji kwenye mitandao kama Instagram. Kwa hiyo ukurasa wake wa mtandaoni ni sehemu yake ya kazi, kama shamba lilivyo kwa mkulima. Anayemdhihaki humo amemfuata kazini kwake.

Wafadhili hao wamewahi kuonyesha kwamba wana mipaka. Mwaka 2014 kampuni ya vyakula ya Clif Bar ya Marekani ilisitisha ufadhili wa wapandaji watano mashuhuri, wakiwemo Alex Honnold na Dean Potter. Kampuni ilieleza kuwa hatari wanazozichukua, kama kupanda bila kamba, zimepita kiasi ambacho yenyewe inaweza kukiunga mkono. Watu walibishana sana. Mwaka uliofuata, Mei 2015, Potter alifariki huko Yosemite alipokuwa akiruka kutoka kwenye mwamba kwa vazi la mabawa. Honnold, kwa upande wake, mwaka 2017 aliupanda mwamba mkubwa wa El Capitan bila kamba na akashuka salama. Mpaka leo watu hawajakubaliana kama kampuni ile ilifanya vema. Lakini walau ilisema wazi kuwa fedha yake haitaki kuonekana mahali fulani.

Yaliyotokea mwaka 2018

Miaka minne baadaye lilizuka jambo jingine ambalo halikuhusu kuanguka. Lilihusu maneno.

Yuko mpandaji wa Marekani aitwaye Sasha DiGiulian. Mwaka 2011 alipanda katika jimbo la Kentucky njia iliyokadiriwa wakati ule kuwa ya daraja la 9a, na akahesabiwa mwanamke wa kwanza kutoka Amerika ya Kaskazini kufikia daraja hilo. Mwaka 2017 alikuja huku kwetu upande wa Bahari ya Hindi, nchini Madagaska. Akiwa na mwenzake Edu Marin alipanda ukuta wa Tsaranoro kwa njia iitwayo Mora Mora. Kwa Kimalagasi neno hilo maana yake ni polepole, lile lile ambalo waongozaji wetu huwaambia wageni kutwa nzima.

Dada huyu alikuwa na wafadhili wengi na wafuasi wengi, na kwa sababu hiyo hakukosa wenye kumwonea kijicho. Mwaka 2018 aliandika hadharani kwamba amekuwa akidhihakiwa mtandaoni, tena kuhusu mwili wake. Aliyemtaja ni mpandaji mwenzake wa kulipwa, Joe Kinder, mtu maarufu katika mchezo huo kwa miaka mingi. Kinder alikuwa na akaunti ya pembeni ya Instagram, isiyoonekana na kila mtu, ambayo alikuwa akiitumia kuwafanyia watu mzaha. Habari zilipotoka alikiri na kuomba radhi hadharani. Kampuni za Black Diamond na La Sportiva, zilizokuwa zikimfadhili, zilivunja uhusiano naye.

Pengine mtu atasema: "Mzaha tu! Mtu mzima analia kwa mzaha?" Naomba tuelewe mchezo wenyewe. Anayepanda mwamba anashindana na uzito wake mwenyewe, na kila kilo ni mzigo juu ya ncha za vidole. Kwa hiyo wapo vijana katika mchezo huo wanaojinyima chakula mpaka wanaugua. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo lilianzisha utaratibu wa kufuatilia afya za wapandaji kwa sababu hiyo. Kumcheka mwanamke mwili wake katika mchezo wa namna hiyo ni kumgusa pale panapouma zaidi.

Baada ya adhabu kutolewa maneno hayakuisha. Wapo waliomlaumu DiGiulian kwamba amemnyima mwenzake riziki, na kwamba angemfuata faraghani wakayamaliza. Wapo pia waliomgeukia Kinder kwa matusi, kana kwamba dawa ya dhihaka ni dhihaka kubwa zaidi.

Swali ninalowaachia

Ndugu zangu, nilipoisoma habari hii sikushughulika sana na aliyekosa wala aliyekosewa. Nilijiuliza habari za watu wa katikati. Akaunti ya pembeni haiwi na maana bila watazamaji, kwa kuwa mtu hafanyi mzaha mbele ya ukuta. Kama kuna anayeonyesha, basi kuna wanaotazama. Kampuni zilichukua hatua baada ya aliyeumizwa kusimama mwenyewe mbele ya watu wote na kusema. Aliyebeba mzigo wa kufichua ni yule yule aliyekuwa amekwisha kubeba mzigo wa kuumizwa.

Swali hili limenisumbua kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtu wa katikati. Nitawaeleza, na wageni wetu wafadhili wasikie pia.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa katika usharika mmoja ambao sitautaja. Mhazini wake alikuwa mama mmoja makini sana. Shilingi haikutoka bila saini mbili. Baadhi ya wajumbe walichukizwa na ukali wake, wakafungua kundi la pili la WhatsApp ambalo yeye hakuwamo, na mimi nikaingizwa humo. Siku moja ikatumwa picha ya mama huyo ameinama anapima maziwa, na chini yake maneno juu ya umbile lake ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wachungaji. Wakacheka. Mimi sikuandika neno baya. Niliweka ile alama ya kucheka, nikaendelea na kazi zangu.

Haikupita wiki mbili mtu akamwonyesha. Alikuja ofisini kwangu, akaweka mezani kitabu cha risiti na ufunguo wa kisanduku cha fedha. Akaniambia neno moja tu: "Mratibu, hata wewe umo."

Katika taarifa yangu ya robo mwaka kwa wafadhili niliandika kwamba mhazini amejiuzulu kwa sababu za kifamilia. Huo ulikuwa uongo, na leo naukiri mbele yenu. Baada yake vitabu vilikaa miezi mingi bila kukaguliwa, na fedha za maziwa zikaanza kuwa na maswali. Nilimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alinikaribisha chai na akanisamehe. Uhazini hakuurudia, na sikumlaumu.

Sisi Walutheri tumefundishwa Amri ya Nane tangu kipaimara. Nilidhani inamhusu anayesema uongo juu ya jirani. Mama yule alinifundisha kwamba inamhusu pia anayesikiliza na kutabasamu.

Tofauti kati yao na sisi

Hata hivyo tusiige kila kitu. Kampuni inapomwacha mpandaji, anayepoteza mkate kwa kiasi kikubwa ni mtu mmoja aliyekosa. Kwetu ufadhili ni wa kikundi kizima. Mfadhili akikata fedha za mbuzi kwa sababu ya wanaume wanne waliotukana, atakayekosa maziwa ni mtoto ambaye hana hata simu, na mhazini aliyetukanwa ataitwa aliyeua mradi. Hapo ndipo wanawake wengi huamua kunyamaza. Wanajua kwamba wakisema, adhabu itawaangukia wao kwanza, kama ilivyotokea kwa dada yule wa Marekani aliyelaumiwa kwa kusema kweli.

Aidha, serikali ina sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ni vizuri tuijue. Lakini jambo likifika mahakamani kamati imekwisha kuvunjika. Utaratibu wetu wenyewe uanze mapema zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba tuyajadili kwenye vikundi:

1. Kila mkataba wa mradi uwe na aya inayoeleza wazi namna wajumbe watakavyosemana, ana kwa ana na kwenye simu. Anayeingia kwenye kamati aisome na kuweka saini. Hapo hakuna atakayesema hakujua.

2. Kila usharika uteue watu wawili, mwanamke na mwanaume, wasio wajumbe wa kamati ya mradi, ambao mtu aliyeumizwa anaweza kuwaendea. Asilazimike kusema mbele ya kikundi kizima au kuyaandika mtandaoni ili asikilizwe.

3. Wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba mkisikia kosa la namna hii mtuulize kwanza, na mtupe muda wa kusikiliza pande zote. Tukithibitisha, aliyekosa aondolewe kwenye nafasi yake na mradi uendelee. Nasi tunaahidi kuwaandikia kweli, hata kama kweli hiyo inatuaibisha. Kwa upande wangu ahadi hiyo naianza leo.

4. Anayeona aseme. Si lazima ahutubie. Kwenye kundi la simu yatosha kuandika: "Ndugu, hili si sawa, tuliondoe." Ukiogopa kuandika, basi usicheke, na siku hiyo hiyo wapelekee habari wale wawili niliowataja.

Kwa kumalizia, nirudi kwenye mwamba. Niliwaambia kwamba mpandaji anapokuwa juu, yuko mwenzake chini aliyeshika kamba. Watu hawamwangalii huyo, na kwa kawaida picha zote hupigwa juu. Lakini mpandaji akiteleza, uhai wake uko mikononi mwa mtu huyo, na kitu pekee anachotakiwa ni kutogeuka pembeni. Mhazini wetu alipotelezeshwa kamba ilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa nikicheka na wengine.

Kila mmoja wetu atoe simu yake wakati wa mapumziko ya chai, apitie makundi aliyomo, ajiulize ni nani anayesemwa humo bila kuwamo. Tukirudi tutaanza na hilo kabla ya risiti.