Pendekezo la Mradi Huanzia Katika Daftari Lenu

Maneno yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya akina mama, Kitui

Tunajua wengine wenu mmeamka saa kumi alfajiri ili mfike hapa, na mbuzi mmewaachia watoto. Kwa hiyo hatutawachosha. Tumekuja kuongea juu ya jambo moja tu: jinsi ya kuandika pendekezo la mradi, au propozali kama wengi wenu mnavyoiita, ili biashara za akina mama zipate msaada.

Tuanze kwa kukiri kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha huku kwetu kilikuwa kikitafuta fedha. Wakaambiwa kuna mtu mjini mwenye kompyuta, anayejua kuandika Kiingereza cha wafadhili. Wakachanga shilingi 5,000 wakamlipa. Wakapewa karatasi kumi na mbili, zimepangwa vizuri na kufungwa. Wakazileta ofisini kwetu tuwaandikie barua ya kuwatambulisha. Sisi tukazitazama juu juu, tukasema, "Vizuri sana," tukagonga muhuri.

Mfadhili akamtuma mgeni awatembelee. Mgeni akafungua ukurasa wa nne akauliza, "Bwawa la samaki liko wapi?" Akina mama wakatazamana. Samaki, na hapa maji ya kunywa tunayafuata na punda! Yule mtu wa mjini alikuwa amenakili pendekezo la kikundi cha mahali pengine, akabadilisha jina tu. Mgeni akauliza juu ya mashine ya kusaga waliyoombewa. Itasaga magunia mangapi kwa siku? Ikiharibika ataitengeneza nani? Kimya. Mgeni akanywa chai, akashukuru, akaenda. Hatukusikia habari zake tena.

Lakini kilichotuuma zaidi kilikuja baadaye. Gari lilipokwisha kuondoka, mweka hazina alifungua kiondo chake akatoa daftari. Mle ndani, kwa penseli, mlikuwa na hesabu ya misimu miwili ya biashara ya ndengu: kilo walizonunua, bei, kilo zilizoharibiwa na wadudu, walizouza, na faida waliyogawana. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukumwonyesha mgeni?" Akatujibu, "Hakuuliza. Na ninyi mlisema zile karatasi ni nzuri."

Haya basi. Propozali ya kweli ilikuwa ndani ya kiondo, na sisi tuligonga muhuri kwenye ile ya uongo. Tangu siku hiyo hatuandikii barua kikundi chochote kabla ya kuona daftari lao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata ombi bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, pendekezo ni nini? Si barua ya kulia shida. Ni karatasi inayomwonyesha mtu asiyewajua mnafanya nini tayari, mmekwama wapi, na mkisaidiwa mtafika wapi. Kurasa tatu au nne zinatosha. Liwe na majibu ya maswali matano.

La kwanza: ninyi ni nani? Andikeni jina la kikundi, kijiji, mwaka mlioanza, idadi ya wanachama na namba ya cheti cha usajili. Kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kwa hiyo angalieni cheti chenu kisiwe kimepitwa na wakati. Wekeni nakala ya katiba na ya kitabu cha benki. Andikeni pia mnachoweka akiba. Wanawake 18, kila mmoja akiweka shilingi 100 kwa wiki, kwa mwaka mzima ni shilingi 93,600. Hilo mfadhili akiliona, anajua hazungumzi na watu waliokaa wakingoja.

La pili: shida ni nini hasa? Msiandike "umaskini." Umaskini hauna mpaka. Andikeni hivi: "Ndengu huvunwa Januari na Februari. Wakati huo kila mtu anauza, kwa sababu karo inatakiwa, na bei inaanguka. Miezi michache baadaye bei hupanda, lakini sisi hatuna tena ndengu. Tukijaribu kuziweka, wadudu wanazitoboa." Hiyo ni shida mtu anaweza kuishika kwa mkono.

La tatu: mtafanya nini, lini, na nani? Kwa mfano: tutanunua kilo 2,000 wakati wa mavuno, tutazikausha vizuri, tutaziweka katika mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wafe bila dawa, na tutauza bei ikipanda. Mama fulani atapima, mwingine ataandika, watatu watashika funguo za stoo. Tena, hesabuni miezi. Ndengu hazimngoji mfadhili. Mkitaka kununua Januari, ombi liandikwe katikati ya mwaka unaotangulia. Fedha zikifika Mei, mtanunua kwa bei ya mchuuzi na mradi utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa.

La nne: ni pesa ngapi? Tuandike bajeti pamoja ubaoni. Bei hizi ni za mfano, ninyi mtaweka za soko lenu.

Ndengu kilo 2,000 kwa shilingi 70: 140,000
Mifuko 40 ya kilo 50 kwa shilingi 200: 8,000
Mizani moja: 15,000
Mbao za kupangia mifuko isiguse sakafu: 6,000
Usafiri: 10,000
Madaftari na kalamu: 1,000
Jumla: 180,000

Sasa chini yake andikeni: "Kikundi kitatoa shilingi 60,000 kutoka akiba yetu. Tunaomba shilingi 120,000." Mstari huu una nguvu kuliko kurasa kumi za Kiingereza. Na stoo mnayopewa bure na mwanachama, na kazi ya mwethya mtakayofanya, navyo viandikwe. Huo ni mchango. Msiongeze bei eti kwa sababu mfadhili atapunguza. Yeye pia anajua bei ya mizani.

La tano, na hili wengi huliruka: mambo yakiharibika, je? Ndengu, mifuko na usafiri vimegharimu 158,000. Mkiuza kilo zote kwa shilingi 100 mtapata 200,000, na zitabaki 42,000. Mkiuza kwa 80 zitabaki 2,000 tu. Mkiuza kwa 70 mtapoteza 18,000. Andikeni haya yote! Mama mmoja alituuliza, "Tukisema tunaweza kupata hasara, si watatunyima?" La, mama. Anayesema biashara yake haina hasara, ama hajawahi kufanya biashara ama anadanganya. Semeni mtafanya nini: hamtauza zote siku moja, na hamtatumia akiba yote kununua.

Neno jingine. Jueni mnaomba kwa nani. Kuna ruzuku, ambayo hairudishwi, na kuna mkopo, ambao lazima urudishwe. Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa na serikali mwaka wa 2007, na Hazina ya Uwezo iliyozinduliwa 2013, ziliwekwa kwa ajili ya mikopo. Tumeona wanachama wakigawana fedha za mkopo kana kwamba ni zawadi, halafu mwenyekiti anabaki akijificha barua ya deni ikija. Kabla ya kuandika, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkaulize masharti yaliyopo sasa. Na mtu yeyote akiwaambia mtoe "kitu kidogo" kwanza ili ombi lipite, mwacheni hapo hapo.

Je, ni lazima liandikwe kwa Kiingereza? Kaeni kwanza chini ya mti, mjibu maswali matano kwa lugha mnayoielewa wote, hata mama asiyesoma aseme bei anayoijua. Kisha tafuteni kijana aliyemaliza shule au njooni kwetu tutafsiri pamoja. Halafu lisomwe tena mbele ya wote. Mgeni akija akimwuliza mwanachama aliyekaa nyuma kabisa, naye awe na jibu.

Mtauliza, kile kikundi cha samaki kiliishia wapi? Tulikaa nao siku mbili na lile daftari, tukaandika upya kurasa tatu. Ombi la kwanza halikujibiwa. La pili lilipata chini ya nusu ya walichoomba. Lakini akina mama hawakungoja: msimu ule walikuwa wameshanunua magunia machache kwa akiba yao wenyewe, maana kwa kuandika mpango waligundua kwamba wanaweza kuanza nao. Mizani waliazima.

Basi kazi ya leo ni hii. Kila kikundi kimekuja na daftari, au siyo? Lifungueni. Katibu ashike kalamu, tuanze na swali la kwanza. Chakula cha mchana kitakuwa tayari saa saba, na kabla ya hapo tungependa kusoma ukurasa mmoja wa kila kikundi. Safari hii tutausoma kweli, mstari kwa mstari.