Kukiandalia Kibanja na Nyumba Siku za Kiangazi

Nazungumza nanyi jioni hii kama mkulima wa Rugera, katika nchi ya Karagwe, wala sina elimu kubwa ya kuwashinda. Lakini nimelima kibanja kwa miaka mingi, na makosa yangu nayajua kwa hesabu. Maneno yangu ni juu ya kiangazi, ambacho wazee wetu hukiita ekyanda, na jinsi impasavyo mtu kujiandaa kabla hakijafika.

Yamkini mtu wa mbali atashangaa akisikia kwamba sisi tunakiogopa kiangazi. Katika nchi za Ulaya watu hukusanya kuni na chakula kwa kuwa majira ya baridi yanakuja na theluji itafunika mashamba. Kwetu theluji haipo. Walakini tunayo miezi mitatu, Juni, Julai na Agosti, ambayo mbingu hufungwa, majani ya rweya hugeuka rangi ya simba, na usiku wa vilimani huwa baridi hata mzee hawezi kulala bila moto. Hiyo ndiyo theluji yetu. Ukiingia humo mikono mitupu, utatoka Septemba mwembamba, wewe na migomba yako.

Tena kiangazi hakina ahadi. Kwa desturi masika huanza Machi na kuishia mwishoni mwa Mei. Lakini iko miaka ambayo mvua hukatika mapema, Mei ikiwa bado changa, na maharagwe yako shambani yanajaza maganda. Nanyi wanafunzi mkiuliza sababu ya mvua kuja na kwenda, yafaa mjue kwamba mkanda wa mvua hulifuata jua. Jua likielekea kaskazini, mkanda huo hupita juu yetu, nasi hupata masika. Kisha husonga mbele kwenda nchi za Habeshi na Sudani, nasi hubaki na upepo mkavu wa kusini mashariki. Jua likirudi kusini, mkanda hupita tena, nasi hupata vuli kuanzia Septemba hata Desemba. Kwa hiyo Karagwe, kwa kuwa iko karibu na mstari wa Ikweta, hupata mvua mara mbili. Mkanda ukienda haraka, kiangazi huanza haraka. Wala haumngoji mtu amalize palizi.

Basi, kazi ya kwanza ni matandazo. Najua mtasema, jambo hilo tumelisikia tangu utoto. Kweli, mmelisikia, lakini wangapi hulifanya kwa wakati wake? Wengi wetu hukumbuka kukata nyasi mwezi wa Julai, ardhi ikiwa imekwisha kauka na kupasuka. Kutandaza nyasi juu ya udongo mkavu ni sawa na kufunika chungu kisichokuwa na maji. Matandazo hayaleti unyevu. Huulinda ule uliopo. Kwa hiyo hutandazwa udongo ukiwa bado umelowa, mara tu uonapo mvua zimeanza kuwa za kubahatisha: leo yanyesha, kesho kutwa hapana, asubuhi ukungu umejaa mabondeni na mchana hakuna wingu.

Sababu yake ni mizizi. Mgomba, pamoja na unene wake wote, hauna mzizi mkuu wa kwenda chini sana. Mizizi yake iliyo mingi hulala karibu na uso wa udongo, haipiti kiasi cha urefu wa mkono kwenda chini, nayo hutambaa pembeni. Jua likipiga udongo mtupu, huipiga mizizi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usilime kwa jembe katika kibanja wakati wa kiangazi, maana kila pigo la jembe ni mizizi umekata. Magugu yang'olewe kwa mkono.

Palilia kwanza, kisha tandaza. Acha nafasi ya futi mbili hivi kuzunguka kila shina. Nyasi zikisongamana na shina, fukusi wa migomba hupata nyumba yenye kivuli na unyevu, hutaga mayai, na funza wake hutoboa kitunguu cha mgomba mpaka upepo wa Agosti uuangushe mgomba mzima na mkungu wake. Mimi nilijifunza hayo baada ya kuangukiwa na migomba sita katika wiki moja, nami nilikuwa nimejisifu kwa jirani kuwa nimetandaza vizuri kuliko yeye.

Zamani nyasi za rweya zilitosha, na samadi ilikuwapo. Msafiri Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, Karagwe ilikuwa nchi ya ng'ombe. Kisha ikaja sotoka katika miaka ya 1890, ikafagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani mwaka 2011, lakini vibanja vingi havikurudishiwa samadi yake. Siku hizi hata rweya yenyewe imepungua, maana sehemu zimelimwa na nyingine zimepandwa miti, na watu wamezidi. Basi asiyepata nyasi asikae bure. Majani makavu ya migomba yenyewe, mashina ya maharagwe baada ya kupura, mabua ya mahindi, maganda ya kahawa: yote ni matandazo. Nasikitika kila mwaka nionapo mashina ya maharagwe yakichomwa moto uani, na hatua kumi kutoka hapo udongo uko uchi.

Wakati huo huo punguza machipukizi. Shina moja liwe na mama, binti na mjukuu, basi. Watu wengi huona uchungu kukata chipukizi. Lakini wakati wa kiangazi kila chipukizi ni mdomo unaokunywa, na maji ni machache.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza jioni hii. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulioletwa na bakteria ulionekana katika mkoa wetu wa Kagera, nao haujatuacha. Ubaya wake ni kwamba katika kiangazi hufanana na kiu. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, niliona majani ya migomba mitatu yamelegea. Nikasema moyoni, hili ni jua. Nikachukua kisu, nikayakata majani yale ili mgomba upumzike. Kisha kwa kisu kile kile nikaendelea kusafisha kibanja chote mpaka jioni. Kabla vuli haijashika nguvu nilikuwa nimepoteza migomba zaidi ya ishirini. Ndugu zangu, si jua lililoniulia migomba ile, wala si inzi. Niliipaka ugonjwa mmoja mmoja kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi tazameni tofauti. Mgomba wenye kiu hulegea mchana, na asubuhi huonekana umepata nafuu. Majani yake makuukuu ya chini ndiyo hukauka kwanza. Mgomba wenye mnyauko haupati nafuu asubuhi. Hata majani machanga hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamepitishwa motoni. Ndizi zake huiva kabla ya wakati, tena bila mpango, moja mbivu na jirani yake mbichi. Na ukiipasua, ndani utaona madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, ngoja dakika chache: hutoka majimaji ya manjano mfano wa usaha. Ukiona hayo usibishane na macho yako. Kata shina lile moja usawa wa ardhi, lisiburutwe katikati ya migomba mizima, na kisu ukipitishe motoni mpaka kisishikike kwa mkono, ndipo uguse mgomba mwingine. Tena ua dume, yaani ile ncha nyekundu ining'iniayo chini ya mkungu, livunjwe mapema, mara chane ya mwisho ikishatokea, maana wadudu hulitembelea na kuchukua ugonjwa kutoka kibanja hata kibanja. Lisikatwe kwa kisu. Livunjwe kwa mti wenye panda. Watoto wa shule wanaweza kazi hii kuliko sisi, nao huipenda kwa kuwa ni kama mchezo.

Nije ndani ya nyumba. Maharagwe ya masika huvunwa mwishoni mwa Mei na Juni, na hapo ndipo kiangazi hushindwa au hushinda. Maharagwe yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu. Yakiwekwa wazi hutobolewa na wadudu. Kupima kama yamekauka si lazima uwe na mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia maharagwe kiasi cha theluthi, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, anika tena. Ikidondoka yote, hifadhi. Iko mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi, pasipo dawa. Asiyekuwa nayo achanganye majivu safi yaliyochekechwa, kama walivyofanya bibi zetu.

Nalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu nyumba isiyokuwa na maharagwe ndiyo inayoangukia butura. Mnaijua. Mtu huuza kahawa yake ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya huruma, kwa kuwa watoto hawana cha kula au kuna ada ya kulipa. Mnunuzi huja Julai na vikapu vyake kuvuna kahawa nyekundu katika kibanja cha mwenzake, na mwenye kibanja hutazama. Serikali imeipiga butura marufuku, lakini amri haishibishi mtoto. Gunia la maharagwe lililofungwa vizuri ndilo humpa mtu ubavu wa kumwambia mnunuzi, nenda salama, kahawa yangu itaiva nikiitazama. Nami nathubutu kuongeza, ijapokuwa nitawaudhi wengine: kiangazi ni majira ya arusi, na arusi zetu hula sana. Pima gunia la nyumba kwanza, uliweke mbali, ndipo uhesabu la wageni. Rubisi haipungui utamu kwa mkungu mmoja uliobaki shambani.

Pamoja na maharagwe, panda viazi vitamu mapema mabondeni, penye unyevu, na muhogo usikose pembezoni.

Juu ya maji nitasema kwa hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Basi paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 ni mita 40 za mraba. Mvua moja ya milimita 10 italiletea lita 400, yaani ndoo 20 za lita 20. Hata tukipoteza robo kwa kuvuja na kurukia nje, zabaki ndoo 15, ambazo mama au binti hatakwenda kuzichota bondeni. Mvua za mwisho za Mei zikimwagika uani bure, ni kazi ya mgongo wa mtu imetupwa. Safisha mfereji wa paa, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha elekeza kwenye pipa, nalo lifunikwe, la sivyo utafuga mbu.

Kiangazi kina fadhili moja, nayo ni matofali. Hakuna majira mengine ya kufyatua na kukausha vizuri. Tunakumbuka alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilipotetemeka kwa kipimo cha 5.9, Kagera ikapoteza watu na maelfu ya nyumba, na mvua za vuli zilikuwa mlangoni. Waliokuwa na matofali makavu walianza kujenga; wengine walilala chini ya maturubai. Basi kagua kuta zako sasa. Ukiona ufa, weka alama ya mkaa kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Baada ya mwezi tazama tena: ufa ukiwa umepita alama, ukuta ule unatembea, mwite fundi. Paa nalo lizibwe Agosti, si siku ya radi ya kwanza.

Moto wa rweya hauna haja ya maneno mengi. Kwangua njia pana ya udongo mtupu kati ya rweya na kibanja kabla ya Julai. Matandazo makavu huwaka kama karatasi.

Mwisho, mbegu. Kabla hujafunga gunia la kula, chagua maharagwe ya mbegu ya Septemba, yaliyojaa, yasiyo na kunyanzi wala doa, kutoka mimea uliyoiona ikiwa mizima shambani. Yafunge peke yake, andika juu yake, na funguo apewe mtu mmoja nyumbani ambaye hasikii kilio cha Agosti. Kwetu mtu huyo alikuwa bibi yangu. Tulimlilia, tukamwona hana huruma. Na vuli iliponyesha alifungua mtungi wake mbele yetu, akahesabu konzi kwa konzi, kila mtu na mstari wake wa kupanda.